Shati la Jumatano

Watu husema Turkana kuna hali moja tu ya hewa, jua. Hao ni wale wanaokuja kwa ndege, wanakaa siku mbili, wanarudi kwao kusimulia. Mimi nimeendesha baiskeli Kakuma tangu mwanzo wa 2012, nikipeleka dawa za kifua kikuu kwa wagonjwa wa manyatta, na nakwambia kwa siku moja hapa unahitaji nguo za safari tatu. Ukikosea hata moja, utajuta kabla hujafika laga, ule mto wa mchanga unaopata maji mvua ikinyesha tu.

Kuna upepo wa asubuhi. Huo haukuletei vumbi, unakuletea changarawe. Dawa yake ni kuvaa jaketi kinyume, mgongo wa jaketi kifuani na zipu nyuma, kama wafanyavyo watu wa bodaboda. Halafu kuna jua la saa nne mpaka saa kumi. Mgeni akiliona jua lile huvua, na mimi nilivua pia, mwezi wangu wa kwanza. Niliendesha na vesti kama niko kwetu Busia naenda kuoga mtoni. Jioni ngozi ya mabega ilikuwa inabanduka. Wenyeji waliojifunika shuka mpaka kichwani walikuwa wakinitazama nikipita. Ndipo nikajua kwamba jua la huku halivuliwi nguo, linavaliwa. Tena kuna joto la mchanga linalotoka chini, na miba, kwa hiyo miguuni ni akala za tairi, na mguu wa kulia wa suruali unafungwa kwa kipande cha tyubu ili cheni isiutafune.

Mvua sikuwa nimeipangia nguo. Niliambiwa ipo. Sikuamini.

Jina langu ni Odongo. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi, hata mke wangu kule Busia anajua. Lakini katika mambo ya kuvalia baiskeli sikubali kufundishwa na mtu. Nilikuwa na mashati matatu ya kazi. La Jumatatu jeupe, la safari fupi za karibu na mji. La Ijumaa la bluu. La Jumatano la kijani, na hilo ndilo lililokuwa shati. Nililipata kwenye mitumba ya Awale pale sokoni Kakuma, pamba nzito, mikono mirefu, kijani cha jani bichi. Jumatano ndiyo ilikuwa njia yangu ndefu, kilomita ishirini na mbili kufuata laga ya Tarach. Nilikuwa nalilowesha pale kwenye bomba la mwisho, nalivaa likitiririka maji, na linanipoza mpaka karibu nafika. Alhamisi nafua, Jumatano inayofuata navaa tena. Miezi sita mfululizo.

Mwisho wa njia hiyo alikaa Akiru.

Akiru alikuwa mama wa watoto wawili, umri wa miaka thelathini hivi, anayeishi na mama mkwe wake, Aregae. Alianza dawa mwisho wa Oktoba, akiwa amekonda mpaka shanga za shingoni zinamlegea. Dawa hizi ni za miezi sita. Usipokatisha unapona. Ukikatisha, ugonjwa unarudi na hasira, na safari hii dawa zinaweza kukataa. Nilimweleza hivyo siku ya kwanza na akasikia. Tangu siku hiyo, kila Jumatano nilimkuta amesimama juu ya kichuguu kilicho mbele ya manyatta yao, ametega mkono juu ya macho. Ananiona nikiwa bado mbali. Nikifika, tunasalimiana kwa Kiturkana, ananyoosha kiganja.

"Ejok, daktari."

"Ejok-nooi. Mimi si daktari, Akiru."

"Leta."

Anameza za siku hiyo mbele yangu, namwachia za siku sita, anazifunga kwenye pindo la shuka. Hakuwahi kukosa hata siku moja. Kati ya wagonjwa wangu wote ndiye niliyekuwa najivunia, na nilimsema kila mahali kama vile ni mimi ninayezimeza zile dawa. Kufikia mwisho wa Machi alibakiza wiki tano.

Mwisho huo wa Machi 2013 tuliitwa Lodwar kwenye mkutano. Msimamizi wetu, Makena, mama wa Meru asiyependa maneno mengi, alitugawia jaketi za rangi ya machungwa zenye mistari inayong'aa, na helmeti, na miwani ya vumbi. Mwenzetu mmoja alikuwa ameponea chupuchupu kugongwa na lori wakati wa upepo. Kwa hiyo amri ilikuwa moja, kila mtu avae, kila siku, bila kuuliza.

Mimi, bila shaka, niliuliza. Nilisimama nikasema, "Aliyechagua hizi nguo amewahi kupanda baiskeli, au aliziona kwenye picha?"

Watu wakacheka. Makena hakucheka.

"Odongo, lori halioni hasira yako. Linaona jaketi. Keti chini."

Nikaketi. Na nikiri ukweli, nilipolijaribu lile jaketi mbele ya kioo cha duka pale Lodwar, lilinipendeza. Lilikuwa jepesi, upepo haupenyi, lina matundu kwapani ya kupumulia, mifuko minne. Nilijiona mtu wa maana. Niliporudi Kakuma nilimpa jirani yangu, Levis, lile shati la kijani. Levis anabeba abiria kwa baiskeli pale stejini. Nilimwambia, "Chukua. Mimi sasa nimevuka huko."

Jumatano ya kwanza nilitoka na mavazi yangu mapya. Helmeti, miwani, kitambaa puani, jaketi limefungwa mpaka kidevuni. Upepo ulishindwa nami kabisa. Nilipiga mluzi njia nzima.

Juu ya kichuguu hapakuwa na mtu.

Nilishuka nikaita. Kimya. Nikaenda mpaka jikoni kwao. Moto ulikuwa unafuka, sufuria ina maji ya vuguvugu, na kinyesi cha mbuzi kilikuwa bado kibichi. Mtu alikuwa hapa sasa hivi. Niliita tena, "Akiru! Dawa!" na ndani ya ile helmeti sauti yangu hata mimi sikuitambua. Kando ya manyatta kuna kichaka kikubwa cha mathenge, ile miti ya miba iliyotapakaa kila mahali. Nikaona jani linatikisika, nikafikiri ni mbuzi.

Nilingoja saa nzima. Nikapandwa na mori.

"Ala! Kilomita ishirini na mbili! Mnafikiri mimi ni mpumbavu?" Niliyasema hayo kwa sauti, nimesimama peke yangu kwenye uwanja wa watu, dawa zake ziko mfukoni mwangu. Nikapanda baiskeli nikarudi.

Jumatano ya pili ikawa vilevile. Jivu la moto, hakuna mtu. Safari hii sikungoja hata dakika kumi. Ijumaa, nikijaza fomu ya kupeleka Lodwar, nilifika kwenye jina la Akiru. Mle kuna mahali pa kuandika kilichompata mgonjwa. Amepona. Amehama. Amefariki. Ameacha dawa. Kalamu yangu ilikuwa na hasira kuliko mimi. Niliandika *ameacha dawa*, na chini yake, pa kueleza sababu, nikaandika *mgonjwa hana nia*. Fomu ikaondoka na gari la mchana.

Jumamosi jioni Levis alikuja kwangu na baiskeli yake, anacheka tangu mlangoni.

"Odongo, leo nimeaibishwa stejini mbele ya macustomer. Kuna mathe mmoja wa Kiturkana amenishika shati kwa nyuma, nusura anidondoshe. Nageuka, ananyoosha mkono hivi, anasema, 'Leta.'"

Nilikuwa nakunywa chai. Niliweka kikombe chini.

"Leta nini?"

"Si ndio nikamuuliza! Nikamwambia mama, mimi niko na baiskeli, sina kitu ingine. Akanivuta akaniangalia uso, akaangalia shati, akaniangalia tena uso. Akasema, 'Sio wewe.' Akakaa chini, hapo hapo kwa mchanga." Kicheko kilikuwa kimeanza kumwisha. "Halafu akakohoa, manze. Alikohoa mpaka watu wakasimama. Tukampa maji. Jamaa mmoja anajua Kiturkana akasema huyo mama ametembea kutoka mbali kutafuta mtu wa shati ya kijani. Ameenda hata kwa geti la kliniki akauliza, wakamwambia hakuna mtu kama huyo."

"Yuko wapi?"

"Amerudi kwao. Alisema kwanza pengine huyo mtu amekufa."

Levis alikuwa amevaa lile shati. Lilikuwa limekatwa mikono.

Nitakwambia jinsi nilivyosikia, maana hakuna haja ya kuficha. Nilisikia kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Mimi niliyekuwa najisifu kwamba najua kuvalia upepo, kuvalia jua, kuvalia mchanga, sikuwahi hata siku moja kujiuliza yule mama juu ya kichuguu alikuwa anaona nini. Alikuwa hana kalenda. Hakujua kusoma. Alijua kwamba mtu wa kijani akitokea, ni siku ya dawa, na zile sita za pindoni zimekwisha. Uso wangu, chini ya kofia na vumbi la kilomita ishirini na mbili, hakuuhitaji.

"Vua," nilimwambia Levis.

"Vua nini?"

"Shati, Levis. Vua shati langu."

"We si ulinipa? Ati umevuka huko?"

"Nimerudi. Vua."

Alivua, masikini, akaenda kwake kifua wazi.

Jumapili alfajiri nilifungua mlango nikakuta mvua. Usiniulize ni ya aina gani. Ilikuwa mvua ya Turkana, ile inayokaa mwaka mzima ikifikiri, halafu inakuja yote kwa siku moja. Upande wa milima ya Uganda kulikuwa kweusi tititi.

Nilisimama mbele ya msumari wangu wa nguo. Pale palining'inia jaketi la machungwa, ambalo maji hayapenyi. Palikuwa na karatasi kubwa ya nailoni, ukitoboa tundu la kichwa inakuwa koti zuri la mvua. Na palikuwa na pamba, pamba nzito, isiyo na mikono, inayonuka Levis. Mwendesha baiskeli yeyote mwenye akili timamu atakwambia usivae pamba kwenye mvua. Inakunywa maji, inakuwa nzito, inakunyonya joto lote. Ningemwona mtu mwingine anaivaa siku ile ningemtukana.

Niliivaa. Sikuweka kitu juu yake, wala nailoni wala jaketi, maana nikiifunika ningekuwa tena mtu asiyejulikana. Dawa nilizitia kwenye chupa ya plastiki yenye mfuniko nikaifunga chini ya kiti kwa tyubu.

Njia ilikuwa uji. Nilisukuma baiskeli zaidi ya nilivyoipanda. Baridi, katika Turkana, jamani! Meno yaligongana mpaka nikacheka mwenyewe. Nilipokaribia nilisikia mngurumo, na nilipofika nikaona Tarach imejaa. Mahali nilipozoea kuvuka kwenye mchanga mkavu palikuwa na maji ya rangi ya chai yanabeba matawi na hata sufuria ya mtu. Manyatta ya kina Akiru ilikuwa ng'ambo. Nilikiona kichuguu. Juu yake hapakuwa na mtu, lakini nyuma yake niliona watu wawili wakihamisha mbuzi kwenda juu, mmoja ameinama kwa uzee, mwingine mwembamba.

Niliita. Maji yakameza sauti. Nilipunga mikono. Yule mzee akaniona, akamshika mwenzake mkono, wakaanza kuondoka haraka.

Nilijitazama. Shati lilikuwa limelowa chapachapa mpaka limekuwa jeusi. Mungu wangu, nimekuja na rangi na mvua imeiosha! Nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa hasira, na safari hii hasira ilikuwa yangu juu yangu mwenyewe. Kisha nikalivua. Nikalikamua, nikalikamua tena kwa nguvu zote mpaka kijani kikarudi kidogo, nikalifunga kwenye tawi la mathenge kwa pindo lake la chini, nikaliinua juu ya kichwa. Nilisimama pale ukingoni, kifua wazi kwenye mvua, nimeshika shati kwa mikono miwili.

Yule mwembamba alisimama. Akatega mkono juu ya macho.

Halafu akaja. Aliteremka mteremko wote mpaka ukingo wa ng'ambo, akasimama nami nikasimama, maji katikati. Nilimwona akiinama kukohoa, kikohozi hakisikiki, mabega tu yanaruka. Nilifungua chupa nikamwonyesha. Akanyoosha kiganja kutoka upande ule wa mto, kama vile mto haupo.

Tulingoja hivyo, kila mtu kwake. Laga hujaa ghafla na kupungua ghafla. Karibu saa tisa maji yalikuwa kiunoni, na Akiru akatia mguu avuke. Nilimpigia kelele abaki. Nilivuka mimi, chupa kichwani.

"Ejok, daktari," alisema. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika.

Sikumwambia kwamba mimi si daktari. Nilimpa dawa, akazimeza bila maji. Siku kumi na moja zilikuwa zimepita bila dawa. Nilikuwa nimezihesabu njia nzima.

Aregae alifika nyuma yake taratibu, akanitazama nikitetemeka, akanitupia shuka lake. "Vaa," alisema. Nikajifunika mpaka kichwani kama wao, na joto likaanza kurudi. Ndipo nikauliza kwa nini walinikimbia.

Aregae alikuwa na Kiswahili cha kutosha. "Sisi hapana kimbia wewe. Sisi nakimbia jaketi. Dada yangu iko Lokichar. Yeye nasema watu ya jaketi kama ile nakuja, napanda vijiti ya utepe, halafu naambia wewe toka hapa." Hata leo sijui kama hayo ya kupimwa ardhi yalitokea au ni habari za kupokezana visimani. Lakini yeye aliyaamini, na ningekuwa na mbuzi na hapo tu pa kuwalaza, mimi pia ningeyaamini. "Ile siku," aliendelea, "Akiru nangoja wewe hapo juu. Mimi naona ile jaketi, nashika yeye, tunaingia kichaka. Wewe nakaa hapa. Wewe napiga kelele. Akiru nataka kohoa. Mimi nafunga mdomo yake na mkono, hivi."

Alinionyesha, kiganja chake kikavu juu ya mdomo wake mwenyewe.

Lile jani lililotikisika. Nilikuwa nimesimama hatua ishirini kutoka kwake na dawa zake mfukoni, ninatukana, naye amejificha miba ikimchoma, anazuia kikohozi ili nisimsikie. Na baada ya hapo nikaenda nikaandika hana nia. Mtu aliyetembea kwenda na kurudi Kakuma, kifua kile, kumtafuta mtu kwa shati.

"Nisamehe, Akiru," nilimwambia.

Aliyafunga yale mafungu sita kwenye pindo kwanza, akakaza fundo. "Jumatano?" aliuliza.

"Jumatano. Kijani."

Wiki iliyofuata nilipanda gari kwenda Lodwar, fomu haisahihishwi kwa simu. Makena alinisikiliza mpaka mwisho. Tulikubaliana kwamba barabarani penye malori nivae jaketi, na nikikata kona ya kuingia laga nilivue nilikunje kwenye kapu. Akiru alimaliza dawa katikati ya Mei, pamoja na zile siku kumi na moja za kufidia, na kifua chake kilipimwa kikaonekana safi. Lakini siku ile Lodwar hatukuwa tunajua hayo. Makena alinisukumia fomu na kalamu.

"Hapa ulisema ameacha dawa. Kata, uandike upya. Na ueleze sababu, wakubwa watauliza."

Nilikata. Nikaandika kwa herufi kubwa, zisomeke. Makena aligeuza karatasi, akasoma, akasoma tena, akavua miwani.

"Odongo, hii niipeleke juu hivi hivi?"

"Hivi hivi, madam."

Nilikuwa nimeandika: *Mgonjwa hakuacha dawa. Mhudumu alibadilisha shati.*